Mkono wa Kikapu cha Maua

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa mtaa wa Alief, huku ughaibuni, mwenye shahada mbili na godoro moja. Wenzangu walikuwa kwenye nyama choma. Mimi niliendesha gari hadi mji wa jirani wa Pearland kujifunza kusuka vikapu vya mianzi, vile ambavyo Wajapani hupangia maua. Usinicheke. Nilitafuta mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza nitaoa lini.

Mwalimu wangu alikuwa Bi Haruko, mjane, aliyesukia gerejini kwake mlango ukiwa wazi. Siku hiyo nilimaliza kikapu changu cha kwanza. Nilikuwa nimekibana kama vikapu vya sokoni vya mama yangu, hata unga usingepenya, na mkono wake ungeweza kubeba debe la mahindi.

Alikinyanyua, akacheka. "Unakwenda soko gani?"

"Nilitaka kiwe imara, Mama."

"Ni imara. Lakini ua halisafiri." Akanionyesha chake. Mianzi ilikuwa imeachana, mwanga ukipita, na ndani alikuwa ameficha kipande cha mwanzi cha kutilia maji. Mkono mwembamba ulipinda juu ya ua kama dirisha. "Hiki kinakaa. Chako utakiweka wapi?"

Nilimwambia nakula juu ya godoro. Nguo zangu zilikuwa bado sandukuni, maana mwakani nilikuwa narudi nyumbani. Nilikuwa nimesema hivyo kwa miaka sita.

"Kwa hiyo huna meza," alisema. "Basi mgeni hula wapi?"

Hata mgeni sikuwa naye.

Nilinunua meza. Nikaweka kikapu, ua moja, nikakaa nikilitazama. Kimya kile kilinishinda. Nikashuka kumgongea jirani Mkongo ambaye tulikuwa tukisalimiana tu kwenye maegesho. Alikuja na samaki, akauliza kikapu hicho ni cha nini. Nikamwambia tule kwanza.

Bi Haruko hayupo tena, na gereji ile sasa ina gari la mtu mwingine. Kikapu changu nakiwekea vitunguu.

Juzi nilikuja kwako Dallas nikakuta masanduku yamepangwa kando ya ukuta, hayajafunguliwa, nawe unakula umesimama baada ya zamu ya hospitali. Ukaniambia, "Baba mdogo, nangoja kwanza nitulie." Mwanangu, usingoje. Fungua masanduku. Nunua meza na viti viwili, umwite mtu kabla hujawa tayari. Siku ya kurudi nyumbani ikifika, meza haitakuzuia mlangoni.

Mungu akujalie mtu wa kubisha hodi kwako, na aje na njaa.