Ziwa la Kushoto

Ramadhani ikiingia mimi huwa mkali, na wenzangu wa maabara kule Buxton wanajua wasinichokoze. Si saumu. Ni hamu ya mamangu. Jua likianza kupoa, tukifunga mashine na kuvua makoti meupe, moyo wangu hushuka Mji wa Kale peke yake, ukapanda ngazi za nyumba yetu na kumkuta ameinamia karai la kaimati akiniuliza, "Sahani ya jirani umeifunika?" Halafu nakumbuka jikoni hamna mtu, nashika njia yangu ya Tononoka kwenda kufuturu na mume wangu.

Jirani mwenyewe alikaa ng'ambo ya uchochoro, dirisha lake likitazamana na letu. Yeye na mamangu waliletwa mtaa ule wakiwa maharusi, na tangu hapo kila Ramadhani sahani zilivuka. Huku kaimati na viazi vya nazi, kule mkate wa mayai na sambusa. Sahani hairudi tupu. Hata ukiwa huna kitu, utatia tende. Na kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyetufundisha kwa maneno: sahani isipokuja, huulizi. Kuuliza ni kuomba, na wanawake wa uchochoro ule heri walale na njaa.

Mamangu alishikwa na saratani ya ziwa la kushoto. Likakatwa, akatibiwa, nywele zikatoka zikaota tena, tukachinja mbuzi wa shukrani. Kisha akaanza kulalamikia mgongo, na picha zikaonyesha imeingia mifupani. Jioni ile niliketi naye kitandani.

"Wewe ndiyo kazi yako hii," akasema. "Hebu niambie. Ziwa wamelikata wamelitupa. Huku mgongoni imefikaje?"

Aliuliza, nikamjibu, kudanganya wagonjwa sikuwezi. Nikamwambia kila seli ya mwili hutoa vifuko vidogo mno, vyaitwa eksosomu, ambavyo darubini ya kawaida haivioni. Ndani mna ujumbe, na seli nyingine ikivipokea huufuata. Ndivyo mwili unavyosemezana, kidonda kikajua kufunga na damu ikajua pa kukimbilia. "Kama sahani za futari, mama. Zatoka nyumba hii zaingia ile." Ila saratani nayo hupeleka vyake. Hutanguliza vifuko mbali, mfupani au kwenye ini, vikamlainisha mwenyeji, ili yenyewe ikihamia isionekane ngeni. Sisi maabara twavitafuta katika damu ili tuijue mapema. Vya saratani yake huenda vilitangulia kabla ya kisu cha daktari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Adui mwenye adabu za jirani," akasema, akageukia ukutani.

Mwezi ulipoandama, nilikuwa nikitoka kazini kwenda kumpikia. Siku ya kwanza nikapakua sahani ya ng'ambo kama ada. Akaniambia niirudishe jikoni. Nikamuuliza kwa nini.

"Nimesema rudisha."

Ya kwao ikaja, na kesho yake ikaja. Mamangu alipokea, akashukuru, kisha akanituma dukani ninunue pakiti ya tende niitie kwenye sahani nirudishe, yeye mwenyewe asiiguse. Jirani si mjinga. Tende za pakiti, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akimpelekea kaimati za moto! Akaleta siku mbili tatu nyingine, kisha na yeye akanyamaza. Nikikutana naye mlangoni akiniuliza, "Mamako aendeleaje?" Nikimjibu, "Alhamdulillahi." Na yeye huitikia kwa kichwa, macho yake yakinitazama mikono kama kuna nilichobeba. Wallahi nilitamani niwakamate wote wawili niwagonganishe vichwa.

Nilijua asichokijua jirani: maradhi yale hayakuwa ya kungoja Ramadhani nyingine. Mamangu angekwenda na kinyongo kile kikiwa katikati ya madirisha mawili, na rafiki yake angebaki akijiuliza alikosa nini mpaka kufa kwake. Nilimkalisha mama chini nikamwambia saratani haiambukizi, si kwa mkono, si kwa chakula.

"Najua. Waniona mimi mjinga?"

"Basi kuna nini?"

Akaniomba nimsogezee mto.

Alasiri moja namsugua mgongo kwa mafuta, akauliza bila kugeuka, "Vile vifuko vyako. Huingia kwenye maziwa?"

"Maziwa gani?"

"Ya mama."

Nikajibu kama nijibuvyo kazini, kabla ya kufikiri. "Ndiyo, tele." Mgongo wake ukakakamaa chini ya kiganja changu, na hapo nikafahamu.

Mimi na binti wa jirani tumezaliwa msimu mmoja wa kusi. Mamake alishikwa na homa ya uzazi, akalazwa muda mrefu, na mamangu akatunyonyesha wote wawili. La kulia langu, la kushoto lake; ndivyo walivyotutania mpaka tukaolewa. Ndiyo maana yeye ni ndugu yangu wa kunyonya kwa sheria ya dini, na kaka yangu, aliyempenda kimyakimya, ilimbidi akaoe Malindi.

"Ni hili hili," mama akasema, akaweka mkono pale palipokuwa bapa. "Nimemtilia mwanangu sumu kwa mkono wangu mwenyewe. Mamake nitamtazama vipi?"

Nikakasirika. Ndivyo nilivyo, hofu ikinishika huwa shari. Nikamwambia maziwa yale ni ya zamani, wakati saratani haijajua hata njia ya nyumba yetu. Nikamwambia vifuko vya maziwa vina kazi yake, humfundisha mtoto tumbo lake na kinga yake, na hakuna mtu aliyeona mtoto akapata saratani kwa kunyonya maziwa kama yale. Alichompelekea mtoto yule ni uzima.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hakika ya maabara, au ya mtoto anayempenda mamake?"

"Ya maabara, mama."

Akajiinua kitandani. "Nipe buibui langu."

Ngazi zilituchukua muda, uchochoro nao ukawa mrefu ghafla. Jirani alifungua mlango, akasema "Karibu, dada," kwa sauti ya kupokelea mgeni wa mbali. Mamangu hakungoja kuketi. Alimweleza yote: vifuko, maziwa, ziwa la kushoto.

"Ndiyo ukaninyima kaimati?" jirani akasema. "Mimi nalala nikijiuliza nimekutukana lini. Nilikuachia mtoto mwembamba kama ufito, nikijua nikirudi nitaonyeshwa kaburi. Nimerudi nimeonyeshwa mashavu. Leo waniambia sumu. Haya, sumu hiyo iongeze."

Mamangu akacheka mpaka akajishika mgongo, kisha wakalia wote wawili wakiwa wamekamatana. Mimi nikaenda jikoni kwa watu kutazama chungu kisichonihusu.

Kaimati zilivuka jioni ile, na jioni zote zilizobakia za mwezi ule. Ramadhani nyingine hakuiona.

Siku ya kumwosha tulikuwa mwosha, shangazi na mimi. Binti wa jirani akaingia amekwisha kunja mikono ya nguo. Ndugu wa kunyonya harithi kitu, na hakuna ambaye angemlaumu angekaa chini na wengine akasoma. Nilimpisha. Tukaanza upande wa kulia, kama ilivyo sunna, maji yakipita chini ya shuka. Tulipofika kushoto, penye kovu, nikainua kata ya maji.

Akanishika kiwiko.

"Hapa ni pangu," akasema.

Nikampa kata.