Kasha Lililorudishwa Bila Kufutwa

Makarani wa mapokezi pale hospitalini walimbandika jina la Mama Subira, na wala hana mtoto wa jina hilo. Ni programu yake ya kuandikisha wagonjwa iliyomponza. Aliiandika mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na kila asubuhi watu wakijaa ilikuwa inaganda. Karani anabonyeza, wapi! Anatazama dari, mgonjwa anakohoa, foleni inanung'unika hadi mlangoni. Mkurugenzi alishachoka. Alimwambia bila kupepesa macho: ikiganda tena wiki hii, inatupwa, na aliyeiandika aende nayo. Na mumewe alikuwa nyumbani tangu kiwanda chao kifungwe, kwa hiyo mshahara wa mama huyu ndio uliolisha nyumba nzima.

Akaketi kuichunguza, na ugonjwa akauona. Kila mgonjwa alipofika, programu iliunda kasha jipya kwenye kumbukumbu ya kompyuta, la kuwekea jina, umri, maradhi na picha ya eksirei, ambayo ndiyo nzito hasa. Mgonjwa akishahudumiwa, kasha linatupwa. Makasha yakirundikana, Java inasimamisha shughuli zote ili ifagie kwanza. Hapo ndipo watu walipokuwa wanagandishwa.

"Kha! Kwani mimi nyumbani hununua sahani mpya kila mlo?" alijisemea kwa sauti, mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka.

Akatenga makasha machache tu, ya kuazimwa na kurudishwa. Mgonjwa mmoja akimaliza, kasha lake anapewa mwingine.

Asubuhi iliyofuata akaenda mapokezi kujionea. Ee bwana, mambo yalikuwa moto! Karani alibonyeza, jibu likaja kabla hajaondoa kidole.

"Dada, leo umeilisha nini hii?"

Kisha akaja mzee mmoja mwenye kitambi, anaumwa goti. Karani akasoma kioo, akasita, akasoma tena.

"Babu, hapa wanasema una mimba ya miezi saba."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee akajipapasa tumbo. "Mwanangu, mimi nilijua tu hili si la bure!"

Mama Subira hakucheka. Kasha alilirudisha bila kulifuta, na habari za mama mjamzito aliyetangulia zilibaki humo ndani. Leo ni mimba, watu wanacheka. Kesho ingekuwa kundi la damu la mtu mwingine, na hapo nani angecheka?

Mkurugenzi alikuwa upande wa pili wa ukumbi, anatabasamu kwa ile kasi, hajasikia lolote. Angeweza kunyamaza. Alitamani kunyamaza, tusidanganyane. Lakini akamfuata.

"Bosi, naizima."

"Leo? Leo ambapo haijaganda hata kidogo?"

"Inachanganya wagonjwa. Kosa ni langu. Bora warudi kwenye makaratasi."

Makarani wakaguna wote kwa pamoja. Mkurugenzi akamkazia macho, tabasamu limeshapotea.

"Una hadi kesho asubuhi," akasema hatimaye. "Na kamwombe radhi yule mzee."

Akaomba radhi, akarudi mezani kwake. Akaandika kwamba hakuna kasha linalorudi kwenye akiba mpaka kila kilichomo kifutwe. Mchana kutwa akaijaribu kwa wagonjwa wa kubuni: kichanga mwenye mvi, bibi harusi mwenye tezi dume, vituko vya kila namna. Hakuna aliyebeba cha mwenziwe.

Kulipokucha ukumbi ulifurika. Alisimama nyuma ya makarani, mikono kifuani, akiomba kimoyomoyo. Watu wakaitwa, wakapita, kila mtu na maradhi yake. Bibi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anainama kwenye benchi akaitwa jina, akang'aka:

"Jamani! Si mngeniacha hata nikae kwanza?"

Mama Subira akatoka kibarazani, akampigia mumewe.

"Vipi, imeganda?" mume akauliza.

"Baba watoto, kuna bibi kanifokea," akasema, na machozi yakamtoka mbele za watu. "Anasema hajapata hata nafasi ya kukaa."