Kifua cha Manka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nainamisha uso, nami ni bibi wa wajukuu tisa. Siku hiyo nilimsingizia mdogo wangu ugonjwa.

Mdogo wangu aliitwa Manka. Ugonjwa wa kupooza ulimchukua miguu akiwa mtoto, kule kwetu Machame, kabla baba hajatuhamishia Kariakoo kufungua duka la vyombo. Alitembelea kigari: ubao, beringi nne za kuwa magurudumu alizopewa na mafundi wa Gerezani, na vijiti viwili vya kujisukumia. Wala usimwonee huruma. Manka akikatiza mitaa ya Mchafukoge na mzigo wa sufuria mgongoni, wenye baiskeli walimpisha na wauza duka walitoka nje kumshangilia. Mimi niliyemaliza shule, mwenye miguu miwili na sketi iliyopigwa pasi, mtaani nilijulikana kwa jina moja tu: dada yake Manka. Jina hilo lilinichoma, nasema kweli, kama pilipili jichoni.

Enzi hizo za Ujamaa wageni wa nchi za baridi walikuwa wengi, wakifanya kazi na serikali. Mmoja wao, mtaalamu wa viungo hospitalini, alimwona Manka akikata mitaa. Akasema kwao watu wasiotembea hushindana mbio thelujini. Hukaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya mbao ndefu za kuteleza, hujisukuma kwa fimbo mbili, bunduki iko mgongoni. Wakifika mahali husimama, hulenga shabaha, kisha huendelea na mbio. Alitaka kumpeleka Manka akafunzwe. Mtaa ulicheka kwanza, halafu ukaanza kujivuna. Mwenye ndoto ya kupanda ndege nilikuwa mimi, na ndege inamjia asiyeweza hata kupanda ngazi! Ndivyo nilivyowaza, Mungu anisamehe.

Alasiri moja yule mgeni alikuja dukani na faili lake. Baba alikuwa safarini Moshi, Manka yuko foleni ya sukari. Aliyekuwapo ni Bi Somoe peke yake, mama mtu mzima kutoka Lindi aliyeuza maandazi barazani petu.

"Wewe unamjua kuliko wote," mgeni akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kupimapima. "Baridi ataiweza?"

Nikashusha pumzi, nikavaa uso wa msibani. "Maskini mdogo wangu. Kifua chake kibovu. Kila masika ni kukohoa tu. Namwonea huruma."

Akafunga faili, akaaga.

Manka akarudi na sukari pajani. "Dada, yule mgeni kasemaje?"

"Kasema atafikiria."

Akaenda kuzipaka beringi zake grisi. Ikawa kila siku anazipaka grisi, huku jicho liko mlangoni.

Siku ya tano Bi Somoe akaniita. "Mwanangu, mwaka wa sita huu nakaa hapa asubuhi hadi jioni. Kikohozi cha Manka sijapata kukisikia. Kama roho inakuuma, sema inakuuma. Usiivishe kanga ya huruma ukaitembeza mtaani."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaenda hospitalini kusema ukweli, lakini nafasi ilikwisha kupewa mtu mwingine. Manka angesubiri mwaka mzima. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikarudi nikamwambia Manka mwenyewe kila kitu. Hakulia.

"Mungu kanipa kilema kimoja," alisema. "Wewe umeniongezea cha pili."

Tangu hapo hakuniita dada. Mwaka ulipotimia aliondoka bila kuniaga.

Kwetu Uchagani mwenye kosa hupeleka jani la isale, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nilimwomba baba aniletee moja kutoka Machame, nikalitia kwenye bahasha. Miezi ikapita. Siku moja ikaja picha: Manka thelujini, bunduki mgongoni, na lile jani, limeshakauka, amelifunga kwenye kiti chake. Nyuma aliandika: "Nimelipokea kwa sababu mila hainipi nafasi ya kukataa. Lakini bado inauma. Huku ukifika kwenye shabaha na moyo unadunda, unakosa. Mimi kila nikikukumbuka, nakosa. Nataka nikusamehe, dada, nipate kulenga."

Alishindana miaka mingi, mpaka mabega yakamchoka. Medali aliyoileta nyumbani ni moja, ya mshindi wa tatu, na aliitundika palepale dukani. Nikiitazama hata leo kuna kidudu kinanitafuna. Siku hizi nakiita kwa jina lake, wivu, kinatulia.

Basi nakuusia, mwanangu. Wivu utakuja, hakuna aliyezaliwa bila moyo. Ila ukijikuta unamwonea huruma mtu anayekupita mbio, jichunguze vizuri. Mwambie Mungu, au mwambie rafiki, "Nina wivu," kabla ulimi haujaenda kufanya kazi yake, maana ulimi hauna mfupa. Na kilema usimwongezee mtu, hujafa hujaumbika. Aliyepewa kapewa.

Mungu akujalie ndugu watakaokupita, na akujalie sauti ya kuwashangilia.