Kundi la Damu la Aika

Filemon hakuwa profesa. Naanza na hilo kwa sababu siku zake za mwisho maabara watu walimwita profesa kwa kumkejeli, na mimi nikanyamaza, na mpaka leo najilaumu. Alikuwa fundi wa maabara katika chuo chetu hapa Moshi, na mimi, Winfrida, ndiye niliyekuwa nikimwoshea vyombo vya kioo kwa miaka kumi na tisa. Nilimjua kuliko mkewe, na mkewe mwenyewe alikuwa akisema hivyo.

Chuo kilipoanzisha mpango wa kuwapelekea vijana wa vijijini sayansi, wahadhiri walikuja siku ya kupigwa picha. Baada ya hapo nani alipanda mlima? Filemon. Kila Jumamosi anafunga hadubini kwenye blanketi, anapakia kasha la dawa za kupimia na barafu, tunaelekea Kibosho. Barabara mawe matupu, mimi nalalamika njia nzima, yeye anacheka. Tukifika tunakuta wanafunzi wa sekondari wamejaa ukumbi wa parokia, wengine wametoroka kukata majani ya ng'ombe. Aliwafundisha taratibu, kwa maneno ya nyumbani, na akishakufundisha yeye, huwezi kusahau tena. Laiti angefundisha vibaya kidogo.

Kati yao alikuwepo Aika, wa kidato cha tatu, binti mwenye maswali mpaka unachoka. Alikuwa mtoto wa pekee wa Athanas, mkulima wa kahawa ambaye mkewe, Digna, alifariki Aika akiwa darasa la pili. Athanas hakuoa tena. Alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba kihamba chake, ile nyumba na migomba yake na kaburi la Digna, atamwachia Aika. Sasa kwetu kihamba hurithiwa na mtoto wa kiume. Kaka wa Athanas, Gidioni, ana wavulana wanne, na maneno yale yalimkaa kooni. Alikuwa anatafuta sababu tu ya kuyapinga.

Sababu hiyo tulimpelekea sisi, ndani ya kasha la barafu.

Ilikuwa Jumapili, siku ya wazazi, baada ya misa ya pili. Filemon alifundisha makundi ya damu, jinsi mtoto anavyochukua kwa baba na kwa mama. Akawaeleza kwamba mzazi wa kundi O hawezi kupata mtoto wa kundi AB, akawaitikisha mara tatu, wazazi nao wakaitikia wakicheka. Kisha tukaanza kuwachoma vidole na kuwaandikia kadi. Watu sitini na wawili walipimwa siku ile. Athanas alikuja na koti lake la kanisani, akatoa kidole, akamwambia binti yake ampime yeye mwenyewe kwa mkono wake. Alikuwa anaona fahari, na ukumbi mzima ulimwona.

Aika akaandika kadi mbili. Akazitazama. Akanyoosha mkono kama darasani.

"Mwalimu, baba ni O na mimi ni AB. Nimekosea wapi?"

Filemon akachukua chupa mpya, akarudia vipimo vyote viwili mbele yake. Jibu likawa lilelile. Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Neno moja tu lilihitajika, kwamba dawa imeharibika, tungekunywa soda zetu tukashuka mjini. Lakini Filemon uongo ulikuwa hautoki mdomoni mwake. Akavua miwani, akaifuta, na watoto aliowafundisha vizuri namna ile wakaanza kutazamana. Gidioni, aliyekuwa benchi la mbele na ambaye alikuwa ameitikia somo pamoja nao, akavaa kofia akatoka.

Uchaggani ukimkosea mtu kosa zito unampelekea jani la isale, lile tunalopanda mipakani mwa mashamba, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Filemon alilikata kwake, akalipiga fundo, tukaenda wote kwa Athanas. Tulimkuta anakamua ng'ombe. Alikamua mpaka akamaliza, akanawa mikono, akalipokea lile jani na kulishika kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "unaniomba msamaha wa jambo nililolisamehe miaka kumi na sita iliyopita. Digna aliniambia mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa. Tukaishi. Aika ndiye mtu ambaye sikutaka ajue."

Nilitamani ardhi inimeze. Athanas akaeleza yaliyobaki bila kuinua sauti. Ukoo ungekaa Jumamosi ile. Gidioni alikuwa anataka Aika aondolewe pale, apelekwe kwa wajomba zake kule Mkuu, alikozaliwa Digna, kwa kuwa si damu yao. Aika mwenyewe alikuwa hali chakula, na alikuwa ameacha kumwita baba. Alikuwa hamwiti chochote. Athanas alikuwa na ombi moja tu: Filemon asimame mbele ya ukoo aseme dawa zilikuwa mbovu.

Wiki ile Filemon alipoteza raha kabisa. Chakula nilichomletea kilirudi kilivyo. Nilimgombeza. Nilimwuliza kama anafikiri akifika mbinguni ataulizwa makundi ya damu. Alinijibu kwamba watoto wale hawana kingine walichopata kwake ila ukweli, na mimi nikamwambia basi abaki na ukweli wake na Aika afungashe nguo. Maneno makali, najua. Nilikuwa namwonea huruma yule mtoto.

Jumamosi alikwenda. Alisimama uani kwa Athanas mbele ya wazee wa ukoo, akasema kasha lilisahauliwa juani, dawa zikaharibika, na yeye hakugundua. Akasema kadi zote za siku ile ni batili, kila mtu aichane yake. Kadi sitini na mbili, na zote zilikuwa sahihi. Wazee wakaridhika, wengine wakamsonya. Mmoja akasema ndiyo matokeo ya kuwaamini maprofesa wa kuokota. Athanas alikuwa ameinama, anafuta macho kwa kofia. Aika alikuwa amekaa karibu naye, anamtazama Filemon usoni bila kupepesa.

Kwa hiyo Aika alibaki kihambani. Gidioni, baada ya kushindwa, akaandika barua chuoni kwamba tumewaletea dawa mbovu na kuidhalilisha familia. Mpango ukasimamishwa. Filemon aliitwa, akaulizwa, akakubali kila kitu na kusaini. Wakamhamishia stoo.

Siku alipokuwa anakusanya vitu vyake maabara, Aika alikuja. Alikuwa na sare ya shule, viatu vimejaa vumbi la barabara. Akatuamkia, shikamoo yake ikawa ndogo. Nikamvutia kiti, akakataa kukaa, akaweka begi chini na kukunja mkono wa sare.

"Mwalimu, nimekuja unipime tena," alisema. "Kwa dawa nzima."

Filemon alikuwa amempa mgongo, anafunga kamba kwenye boksi ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

"Dawa zimeisha, mwanangu," alisema.

Friji lilikuwa pale pale kando yake. Asubuhi ile nilikuwa nimezipanga mwenyewe, chupa kwa chupa, na lile friji lina mlango wa kioo. Aika alilitazama. Alisoma majina kwenye chupa, nilimwona macho yakienda kutoka moja hadi nyingine, maana aliyemfundisha kuyasoma ni huyo huyo mwenye boksi. Hakubisha. Akashusha mkono wa sare yake, akafunga kifungo, akachukua begi.

Mlangoni akageuka.

"Naomba msimwambie baba kwamba nilikuja," alisema. "Anafikiri nimeamini."

Akaenda kuwahi gari la Kibosho, kwa sababu Athanas hali mpaka Aika awe amefika. Filemon akakaa kwenye kile kiti alichokikataa mtoto, na mimi nikafungulia maji nisimsikie.