Nilikuwa na Haki ya Kurudisha Kesi ya Mama Shani, Nikanyamaza

Msinitafutie sababu. Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, miwani usoni na kalamu mfukoni.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiingereza sekondari huko Iringa mpaka nywele zikaniisha, kisha nikaja kulima mpunga kwenye skimu moja huku Mbarali. Jina la skimu naliacha. Wenyewe wakisoma watajua, na wajue!

Mnajua mwalimu akihamia kwa wakulima inakuwaje. Hujatua hata mizigo umeshafanywa katibu. Nikaandika katiba ya umoja wetu wa umwagiliaji. Nilikuwa na kitabu cha zamani cha Kiingereza kuhusu taratibu za vikao, nikachota humo kanuni moja niliyoipenda kupita zote.

Kanuni yenyewe ni hii: jambo likishapigiwa kura, hawezi kulirudisha mezani mtu yeyote tu. Anayeruhusiwa ni mjumbe aliyekuwa upande ulioshinda. Walioshindwa wakiruhusiwa, watalirudisha kila kikao na kazi hazitaenda.

Siku ya semina nikawafundisha na neno lenyewe. Reconsider, yaani kufikiria upya! Nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Nikawaambia Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, Wafaransa wakalitoa kwenye Kilatini, na wapo wataalamu wanaosema mzizi wake ni nyota. Mtu wa kale akiwa na jambo zito alitoka nje akazitazama nyota kwa makini. Ile silabi ya mwanzo, re, maana yake ni tena: utoke nje uzitazame tena. Mwanzo lilikuwa neno la mtu na moyo wake, nikasema, halafu mabaraza yakalichukua, hasa kule Amerika, likawa na maana ya kuirudisha kura iliyokwisha kupigwa.

Nyie, nilipigiwa makofi! Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mjane mmoja aliyekaa benchi la mbele. Nitamwita Mama Shani, ingawa si jina lake.

Mama Shani ni Mwislamu. Wazee wa marehemu mumewe walitoka pwani zamani kuja Mbeya kufanya biashara. Mume alipofariki alimwachia majaruba mawili ya mpunga na binti mmoja. Alikula humo, akavaa humo, akamsomesha Shani humo humo.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Jumapili moja, wakati wa kusia mbegu, geti la mfereji lilikutwa limenyanyuliwa. Haikuwa zamu ya upande ule. Maji yalijaa majaruba ya Mama Shani, yakapita juu ya tuta, yakasomba kitalu cha jirani yake wa chini. Mbegu zote alizomwaga jana yake zilikwenda na maji. Sheria yetu ilikuwa kali: ukifungua geti nje ya zamu, unaondolewa kwenye skimu.

Kamati ikakaa, wajumbe tisa. Mama Shani akaitwa.

"Nilikuwa naziba tuta," alisema. "Nikaona maji yanakuja, nikajua mmebadili zamu. Geti sijaligusa, haki ya Mungu."

Wanne walitaka asamehewe, maana hakuna aliyemwona. Hapo ndipo nikasimama. Nikavua miwani, nikaifuta taratibu kama nilivyokuwa nafanya darasani. Nikauliza: "Wajumbe, Jumapili saa nne asubuhi sisi sote tulikuwa ibadani. Nani alibaki shambani?"

Watu wakacheka! Lo, swali la kijinga lile! Mwanamke yupo shambani Jumapili kwa sababu siku yake ya ibada ni Ijumaa, nami nikaligeuza hilo kuwa ushahidi. Kura zikapigwa, nne kwa nne, yangu ikawa ya mwisho. Nikasema ndiyo, aondolewe. Mama Shani alikusanya kanga yake akatoka bila kugeuka.

Wiki mbili hazijaisha, mgawa maji wetu akaja nyumbani. Ni mtu wa makamo, mwanakwaya, mpole sana.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene."

Akakaa, akawa anakunja kofia yake. "Mwalimu, lile geti ni mimi. Nililinyanyua asubuhi nitoe takataka zilizoziba. Kwaya yetu ilikuwa inaimba ibada ya kwanza, nikaona nachelewa, nikakimbia. Sikulishusha."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa kufukuzwa. Ila sasa sina raha, Mwalimu. Wewe ndiye katibu, nielekeze nifanyeje."

Jamani, si ningeinuka pale pale? Siku ile ile ningeitisha kikao, nikasema nilikosea, mama akarudishiwa majaruba yake hata kabla hayajapandwa. Lakini unajua nilichofikiria? Niliwafikiria wale wajumbe wanne wanatazamana na kutabasamu. Nilifikiria watu kwenye kijiwe cha kahawa wakisema Mwalimu naye kumbe hukosea. Hicho tu! Hakuna aliyenihonga, hakuna aliyenitisha.

Nikamwambia: "Jambo limeshapigiwa kura. Nyamaza, usije ukajiharibia kazi bure." Akaondoka ameinamisha kichwa.

Siku chache baadaye akaja Mama Shani mwenyewe na barua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Shani. Karibu."

"Naomba kamati ifikirie upya."

Nikajikohoza. "Kanuni hairuhusu uombe wewe. Lazima alirudishe mjumbe aliyepiga ndiyo."

"Najua, si ulitufundisha? Ndiyo maana nimekuja kwako. Wale walionitetea sijaenda kwao, hawana uwezo."

"Wapo wengine wanne waliopiga ndiyo."

"Wale walikufuata wewe," alisema, tena kwa upole tu. "Wewe ukirudi, na wao watarudi."

Nikamjibu, "Nitalitazama." Nitalitazama! Mtu ninayejua ukweli wote! Alipoondoka nikaichukua barua nikaitia ndani ya kamusi yangu, nikaifunga, nikairudisha kabatini.

Misimu miwili ilipita. Majaruba akapewa mkulima mwingine, na Mama Shani akawa anafanya vibarua vya kupandikiza mpunga. Siku moja nikapita njia ya mferejini, nikamwona ameinama kwenye tope. Anapandikiza mpunga wa mtu ndani ya majaruba yale yale yaliyokuwa yake! Akanyoosha mgongo, akanisalimu shikamoo. Nikaitikia na kwenda zangu. Mungu wangu, nilikwenda zangu!

Baadaye nikasikia amehamia Mbalizi kwa Shani, anayeuza nguo za mtumba sokoni. Nikaona afadhali, sitakutana naye tena njiani.

Aliyenivunja ni mke wangu. Mgawa maji alishindwa kukaa na siri, akaja siku nisipokuwepo, akamweleza yote. Niliporudi nikamkuta ameweka ile barua mezani. Alikuwa ameitoa kwenye kamusi.

"Baba Neema," alisema, "miaka yote hii nakupikia, nikidhani naishi na mtu." Akainuka akaenda nje kuanua nguo. Hakuongeza neno hata moja.

Kikao kilichofuata nikasimama. Nikasema mimi nilipiga ndiyo, nilikosea, nilijua na nikanyamaza, naomba jambo lirudi mezani. Mgawa maji akasimama naye akasema yake, machozi yanamtoka. Mikono tisa ikanyooka, tisa yote! Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wanne aliniambia tu, "Tulikuwa tunakungoja wewe, Mwalimu."

Dakika kumi. Kitu nilichokiogopa misimu miwili kilimalizika kwa dakika kumi, chai ya wajumbe haijapoa.

Nikapanda basi kwenda Mbalizi na muhtasari wangu ndani ya bahasha, umepigwa muhuri. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba radhi. Nikafika kwa Shani, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaniambia, "Pita, yupo ndani."

Mama Shani alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Alipata kiharusi, upande mzima wa kulia umekufa, na mdomo umepinda kidogo. Hakuna aliyetuletea habari hizo huku, au labda zililetwa mimi sikutaka kuzisikia.

Sikujua la kufanya, nikafanya ninachokijua. Nikasoma! Nikamsomea muhtasari wote, ajenda ya kwanza hadi mwisho, mpaka pale panaposema majaruba yake mawili yarudishwe mara moja. Kisha nikasema, "Mama Shani, nisamehe."

Alinitazama. Halafu akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaunyanyua kama mtu anayenyanyua mzigo wa mwingine, akauweka juu ya karatasi zangu. Maneno yalimtoka kwa shida, ila niliyasikia yote.

"Na huu, Mwalimu, mtaurudisha kikao gani?"

Shani alinisindikiza mpaka mlangoni na kunirudishia bahasha yangu, muhtasari ukiwa ndani.

Ndugu unayesoma, huenda nawe umekaa kwenye kamati, au baraza la kanisa, au kikao cha ukoo, na upande wako ukashinda. Kama umeshajua kwamba mlikosea, usingoje aliyeshindwa aseme, maana yeye hana pa kusemea. Wewe uliyenyoosha mkono ndiye unayengojwa. Simama kikao hiki hiki, wakucheke wakimaliza. Huyo mtu bado ana mikono yote miwili.