Dakika Moja ya Nani

Siku ya lori la mahindi naikumbuka, mwanangu, kuliko siku ya ndoa yangu. Jana ulinionyesha kwenye kompyuta ukurasa unaoutengeneza wa kuandikisha wajawazito, ukasema kila mama atamaliza kwa dakika moja. Dakika moja ya nani?

Nilikuwa binti wa miaka kumi na minane, nimemaliza darasa la saba, karani wa kijiji chetu cha ujamaa upande wa Sepuka. Tulikuwa tumehamia majuzi, mvua imegoma, watu wanakunywa mlenda mtupu. Tukaambiwa lori litaleta mahindi, litasimama kwetu hadi saa tisa, kisha litaondoka na yatakayobaki kwenda kijiji cha pili. Katibu wa kijiji akaniachia nipange utaratibu.

Nikaupanga, na kwa kweli nilijiona. Meza ya kwanza, mtu ataje jina la mkuu wa kaya, nilitafute daftarini. Meza ya pili, kidole kwenye wino. Kisha apimiwe debe lake. Nikaazima saa ya mwalimu, nikapita mezani mwenyewe mara tatu. Dakika moja, tena inabaki. Nikazidisha kwa kaya zote, nikamwambia katibu saa saba tutakuwa tumemaliza. Aliniamini, hakuomba lori lisubiri.

Mzee Ntandu, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa ananitazama tu. "Binti," akasema, "umejipima wewe. Hao wanaokuja umewapima lini?" Nikacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililovunjika siku ile halikuwa langu.

Lori lilipofika, kila aliyekaribia meza alimwamkia katibu kwanza, akamwamkia na balozi, na nani angemkataza? Wazee walishika kidole juu ya wino wakauliza ni wa nini, wasije wakawa wamekubali kuhamishwa tena. Mimi nilihesabu kazi ya mikono. Kufikiri na kuogopa sikukuhesabu.

Kisha akaja Sefa, mkamwana wa jirani yetu. Mumewe alikuwa Tabora kwenye tumbaku, na kaya iliandikwa kwa jina la baba mkwe, mzee aliyekuwa hoi kitandani.

"Mkuu wa kaya?"

Akainamisha kichwa. Kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe kwa jina, hata iweje. "Ni yule mwenye nyumba ninayokaa," akasema kwa sauti ndogo.

"Jina, dada. Watu wanasubiri."

Hakusema. Nikamwambia akae pembeni, akilikumbuka arudi. Akakaa, ndoo tupu mapajani. Saa tisa dereva akawasha lori, na yeye bado amekaa palepale.

Lori la pili lilikuja baada ya wiki tatu. Yule baba mkwe wa Sefa hakulifikia. Na karani ni mimi, kwa hiyo ni mimi niliyeandika jina lake upande wa waliofariki. Sikuuliza mtu. Nilikuwa nalijua, mwanangu. Nilikuwa nalijua hata pale mezani, maana tangu utotoni, kule tulikohama pamoja, nilitumwa moto nyumbani kwake. Nilitaka tu Sefa alitaje kwa sababu ndivyo nilivyopanga.

Msibani Sefa alinipokea vizuri, akanipa kigoda. Afadhali angenitemea mate.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilipoolewa, nesi wa kliniki aliniuliza jina la baba mkwe wangu ajaze kadi, likanishinda kulitamka. Nikamkumbuka Sefa, nikalia mbele za watu, nesi akadhani naumwa.

Basi sikia. Usijipime wewe uliyeutengeneza huo ukurasa ukasema umempima mama. Mkalishe mama mwenyewe, mtoto yuko mgongoni na njaa iko tumboni, nawe ukae kimya utazame anaposita. Akisita usimsukume; hapo ndipo ulipokosea wewe. Ukimpa dakika moja, mwekee na ya kusalimia, na ya kuogopa. Na jambo ambalo tayari unalijua, usimuulize.

Mungu akubariki kazi ya mikono yako, akupe macho ya kumwona aliyekaa pembeni. Na jina kama lile nililoandika mimi, akuepushe usiliandike.