Mwavuli wa Bwana Saidi

Hebu mwone mtoto wa miaka miwili, kafunikwa mablanketi mawili, dirisha limezibwa kwa gunia, na nje jua la saa nne linawaka. Huyo ni mdogo wangu Elinami. Msichana anayelia kwa hasira mlangoni ni mimi, nilipokuwa mtoto wa darasa la nne kule kijijini kwetu Shighatini, milimani.

Mama alikuwa shamba la ujamaa. Bibi alishikilia kwamba homa ile imeletwa na ndege wa degedege, na mtoto aliyepitiwa na ndege huyo hatolewi nje, asije akaonwa tena. Akachukua vidonge alivyobakiza baba alipougua wiki moja kabla.

“Bibi, hivyo ni vya baba.”

“Homa ni ile ile, nyumba ni hii hii.”

Nikampokonya, nikakimbilia zahanati kwa Bwana Saidi, mtoa dawa wetu, mtu wa Tanga.

“Shikamoo.”

“Marahaba.” Nilipomweleza habari za homa na kumwonyesha vidonge, akauliza: “Baba yako ana kilo ngapi? Na huyo mtoto?”

Sikujua.

“Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Mvueni, mpanguseni kwa maji ya uvuguvugu, mnywesheni maji kidogo kidogo, na mleteni sasa hivi.”

Nilirudi nikamfunua. Bibi akamfunika. Nikamfunua, akamfunika. Mara ya tatu akanifokea: “Hata makande yako hayajawahi kuiva, unanifundisha mimi kulea?”

Jua lilikuwa limefika utosini macho ya Elinami yalipogeuka, mikono ikaanza kurukaruka. Nikakimbia tena zahanati, nikamweleza Bwana Saidi yote, hata habari za ndege wa Bibi.

Bwana Saidi alikuja na mwavuli, na mvua hakuna. Akamlaza mtoto ubavu mpaka akatulia, kisha akamgeukia Bibi.

“Mama, huyo ndege anaona akiwa wapi?”

“Juu.”

“Basi leo hataona kitu.” Akaufungua mwavuli mlangoni.

Bibi aliutazama, akavuta pumzi, akambeba Elinami mwenyewe bila blanketi, akaelekea zahanati chini ya mwavuli ule karibu kukimbia.

Elinami alipona, ila sikio lake la kushoto halisikii hadi leo. Kwa miaka mingi nilimkasirikia Bibi, na Bwana Saidi pia. Kwa nini hakumwambia kwamba hakuna ndege? Nimefundisha watoto mpaka nikastaafu ndipo nikamwelewa: mimi nilibishana asubuhi nzima na mtoto akabaki palepale kitandani.

Hata hivyo hasira haijaisha. Juzi jirani yangu kaniletea mtoto anaungua homa, kavalishwa masweta mawili, na mkononi mwa mama yake vidonge vya babu. Nilimvua mtoto huku nikihema kama niliyepanda mlima.

Nawe unayesoma, mengine yote ukiyasahau, nakuomba ukumbuke hili moja: mvue mtoto, mpeleke zahanati. Habari za ndege tutabishana njiani.